Simu ya Khadidja

Gasenyi, Jumatatu 6 Februari 2023

Dada yangu,

Asalam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo wako umetulia, na watu wa forodha hawakufungulii robota kila asubuhi. Mimi sijambo. Hapa Gasenyi tunakula maharagwe Jumatatu, na Jumanne tunakula yaliyobaki, lakini tunaishi. Wenzangu wa darasa, Chanelle na Gaël, wanakusalimu. Gaël bado anauzungumzia wali wako wa Idi kama mtu aliyefiwa nao.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu mwenyewe ulisema kwenye simu nasema kama mtu anayekimbizwa na mbwa, na kwamba jambo la maana liandikwe, mtu alisome akiwa amekaa. Barua nampa Vainqueur, dereva wa Gatumba, na jibu umpe yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mashindano ya wanafunzi wa vyuo vya Bujumbura, sisi tunaosoma kompyuta. Kila kundi litengeneze kitu cha kuwasaidia watu. Wengi wanatengeneza mambo ya kuuza viatu kwenye simu, eti ndiyo msaada. Mimi nikawaeleza wenzangu habari ya Gatumba. Niliwaambia mwaka ule mto Rusizi ulivyotuingilia tukiwa tunakula, ukanivuta kwa ukosi wa shati, mimi na ndevu zangu hizi, sahani bado mkononi. Walicheka kwanza. Chanelle akasema basi, tumepata.

Tunatengeneza kisanduku. Kinafungwa kwenye nguzo kando ya mto, kina kitu kama jicho, kinapima maji. Yakipita alama, kinapiga simu ya mtu mmoja katika mtaa na kumtumia ujumbe, naye anawaita majirani. Maji yakianza kupanda kule juu, huchukua muda kufika nyumbani. Muda huo ndio tunaoutaka.

Mtu wa mtaa wetu ni wewe. Namba yako nimeshaiandika kwenye programu, unisamehe sikukuuliza. Ningemweka nani? Ukiita wewe, hata ng'ambo ya Kongo wanafunga maduka.

Tukishinda tunapelekwa Kigali miezi sita kujifunza kazi, na wengi huajiriwa huko huko. Dada, umebeba vitenge kichwani tangu niko darasa la pili. Nataka utue. Sina dua nyingine.

Mdogo wako,
Djibril


Gatumba, 17 Februari 2023

Mudogo wangu Djibril,

Wa aleikum salam. Mi niko muzima, alhamdulillah. Mugongo unauma lakini ni wangu, tumezoeana. Na we uache kulalamikia maharagwe, kuna watu wanayatafuta. Unasali? Hukuniandikia kama unasali. Musalimie Chanelle, na Gaël umwambie wali upo, aje na sabuni ya kuoshea vyombo.

Kwanza nilikasirika. Kuandika namba yangu bila kuniuliza, ni kama kuozesha binti ya jirani. Halafu nikacheka peke yangu mpaka Spès akachungulia dirishani.

Nimepita mulango kwa mulango mutaa muzima. Watu wa huku wamechoka na proje za misaada, Djibril. Wanakuja na magari, wanapiga picha na watoto wetu, halafu tunabaki na kalenda. Zénon jirani yetu, yule fundi wa baiskeli, aliniuliza hicho kisanduku kitakula nini. Muke wake Spès alitaka kujua kama kinasikia Kirundi. Nikawaambia huyu ni mudogo wangu, nimemulea mi, wazazi wetu walipokufa alikuwa bado anakojoa kitandani, na hawezi kuleta muchezo kwa watu waliomuona akitembea bila suruali. Basi wakakubali. Hawakukubali kisanduku, walikubali neno langu. Uliweke hilo kichwani.

Sasa kuna jambo moja lazima unijibu. Mama yake Zénon, bibi Scholastique, miguu imekufa kabisa. Unajua desturi yetu: mvua kubwa zikikaribia, wanaume wa mutaa wanamulaza kwenye ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa, wanapokezana mabegani mpaka kwa binti yake kule juu, na mvua zikiisha wanamurudisha. Hata we ulishamubeba. Mwaka huu bibi hataki. Anasema mukwe wake anamuhesabia vijiko, na yeye anataka kukaa kwake. Zénon ananiuliza: kama kisanduku kipo, bado tumubebe mama? Mi nikamwambia nitakuuliza. Jibu we uliyesoma.

Dada yako anayekupenda,
Khadidja


Gasenyi, 14 Machi 2023

Dada yangu,

Asalam aleikum. Vipi hali, vipi biashara, vipi mafua uliyokuwa nayo tulipokuja? Mimi mzima, na ndiyo, nasali. Si zote, lakini nasali.

Tangu siku ile tuliyofunga kisanduku sijalala vizuri kwa furaha. Bado naiona sura yako Gaël alipokitia kwenye ndoo ya maji, na simu yako ikalia kifuani ukaruka kama umeumwa na siafu. Na yule Zénon aliyesema kitakula nini, ndiye aliyeshika ngazi! Chanelle amewaonyesha waandaaji video ya siku hiyo. Dada, tumeingia finali. Ni Jumamosi tarehe 15 Aprili, ukumbi mkubwa, mawaziri na mabalozi.

Kuhusu bibi Scholastique: waambie wasihangaike. Tumepima, kisanduku kitawapa nafasi ya kutosha kumbeba siku maji yatakapokuja kweli. Kumtesa bibi mwezi mzima kwa mkwe wake kwa ajili ya maji ambayo huenda hata yasije, ndiyo mambo tunayotaka kuyamaliza. Akae nyumbani kwake. Na akikaa nyumbani, Dada, mbele ya juri, wale majaji wa mashindano, hiyo ni hoja yetu kubwa: kwamba watu wameanza kukiamini.

Nitakuja kufuturu nanyi Ramadhani ikianza, Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Djibril


Gatumba, 30 Machi 2023

Mudogo wangu,

Wa aleikum salam, na Ramadhani njema. Hatujambo. Hukuja kufuturu. Nilipika uji wa muchele, nikaunywa mi na paka wa Spès. Najua una kazi, sikulaumu, nakwambia tu uji ulikuwa mutamu.

Nimemupa Zénon jibu lako. Tulikuwa tumekaa kwake uani, bibi Scholastique ametolewa nje kuota jua, anasikiliza. Nilimwambia Djibril amesema musimubebe. Zénon alifunga na kufungua nati ya baiskeli, halafu akasema:

"Mi sijui kisanduku. Najua Khadidja. Ukisema mama abaki, anabaki."

Nikasema abaki. Bibi akanishika mukono akanibariki kwa Kirundi, baraka ndefu, nusu yake sikuielewa. Ingobyi wameitundika tena chini ya paa.

Kwa hiyo simu sasa naitunza kuliko macho. Chaji haishuki, nalala nayo, naenda nayo chooni, usicheke. Wanawake tunaovuka nao mupakani wananiita Mama Simu. Mutoto wa mutu akilia wanasema nyamaza, Mama Simu anasikiliza maji. Mi najifanya nimekasirika, lakini moyo wangu umejaa, Djibril. Baba yetu angekuwepo angetembea na shingo imesimama kwa ajili yako.

Finali ikiisha njoo, hata kama mumeshindwa. Wali upo.

Dada yako,
Khadidja


Gatumba, 24 Aprili 2023

Djibril,

Asalam aleikum. Sikuulizi hali, nimeisikia kwenye redio.

Hukuja kuzika na hukuja Idi. Kwa simu nimekupigia, inaita, haijibiwi. Basi nakuandikia, kwa sababu barua haiwezi kukatwa katikati, na nataka usome yote ukiwa umekaa.

Jumamosi ile ya finali yako nilivuka kwenda Kavimvira upande wa Kongo na robota zangu zote, sikubakisha hata kitenge kimoja nyumbani, maana wiki ya mwisho ya Ramadhani wanawake wa kule wananunua kama vitenge vinakwisha duniani. Spès alikuwa pembeni yangu na samaki wake wa ndagala. Zénon alikuwa barabarani kwenye kazi yake. Bibi Scholastique tulimuacha kitandani kama siku zote, mulango wazi, maji ya kunywa karibu. Kwetu hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa kali mpaka nafunga kwa shida.

Adhuhuri simu ikalia kifuani. Nikajua ni maji. Nikaitoa, nikaona ni we. Ukasema, "Dada, juri wamesimama kutupigia makofi, tuombee." Spès alikuwa ameshasimama na beseni lake. Akaniuliza, ni maji? Nikamwambia apana, ni Djibril. Akacheka, akakaa, akaendelea kuuza.

Tuliporudi baada ya alasiri, watu walikuwa wamejaa darajani, wanaangalia upande wetu. Muto ulikuwa umevunja ukingo kule juu na kuingia mutaani muchana kweupe, watu wazima wote wako kazini wanangoja simu yangu. Watoto walikuwa shule, hata Jumamosi wanasoma, tumushukuru Mungu. Waliobaki nyumbani wenye miguu walikimbia. Zénon ndiye aliyemupata mama yake. Bibi alikuwa amejikokota mpaka mulangoni.

Maji yalipopungua nilienda kwenye nguzo. Imesimama sawasawa. Kisanduku hakipo. Nikasema basi, maji yamekibeba, masikini kazi ya watoto. Halafu nikaona skurubu. Zote zimerudishwa kwenye matundu yake, zimekazwa vizuri. Maji hayarudishi skurubu, Djibril.

Siku ya tatu ya musiba tulikuwa tumekaa kwa Zénon, redio iko kwenye kigoda, wamezoea kusikiliza habari. Ikatoka sauti yako. Ulisema kisanduku chenu kimefanya kazi, familia za Gatumba zilipata ujumbe kwa wakati. Watu wote waligeuka kuniangalia. Spès akasema polepole, "Simu yake ililia, mi nilikuwepo, akaniambia ni Djibril."

We una akili, malizia mwenyewe wanachofikiri. Simu ililia. Ujumbe ulifika. Khadidja alikuwa ameshavusha mali yake yote, robota zake ni kavu, na mama yake Zénon amekufa maji. Sufuria ya wali niliyopeleka musibani ilirudishwa mulangoni kwangu na kifuniko chake, haijaguswa.

Niambie kisanduku kilikuwa wapi.

Dada yako,
Khadidja


Gasenyi, 3 Mei 2023

Dada yangu,

Asalam aleikum. Pole sana. Pole tena. Nimeanza barua hii na kuichana, sijui mara ngapi. Simu yako niliiona ikiita, nikashindwa.

Kisanduku kilikuwa mezani, Dada. Juri walisema picha hazitoshi, wanataka kukiona chenyewe, wakishike. Ijumaa Gaël alikwenda akakifungua, akakileta, ili Jumatatu akirudishe. Alirudisha skurubu kwenye nafasi zake ili zisipotee. Sikukwambia. Niliona nitakutia wasiwasi bure kwa siku mbili tu, na mbingu ilikuwa safi. Mvua ilinyesha mbali, kule milimani. Nilipokupigia adhuhuri, kilikuwa mbele yangu, kimewekwa juu ya kitambaa cheupe, watu wanapiga picha nacho.

Yale ya redio niliyasema Jumamosi jioni, baada ya kutangazwa. Waandaaji walikuwa wameandika maneno juu ya lile jaribio la ndoo, mimi nikayasoma. Naapa wakati huo sikujua kwamba maji yameingia mtaani. Walipoyarudia siku ya tatu nilikuwa nimeshajua, na sikuwaambia wayatoe. Hapo sina la kujitetea.

Chanelle anataka tuseme kila kitu. Mimi na Gaël tumemwomba asubiri. Tunaondoka kwenda Kigali tarehe 20. Likijulikana sasa, tuzo inafutwa, safari inafutwa, na sisi watatu hakuna atakayetuajiri kufagia hata ofisi. Bibi hatarudi. Dada, nakuomba uvumilie kidogo. Watu husahau. Nikipata kazi nitakutafutia nyumba mjini, Buyenzi au Ruziba, popote unapotaka, mahali ambapo hakuna anayejua habari hizi. Hutabeba tena mzigo wala hutawaona hao tena.

Usimwambie mtu. Nakuomba kwa jina la mama.

Mdogo wako,
Djibril


Gatumba, 9 Mei 2023

Djibril,

Wa aleikum salam. Mi niko muzima wa mwili.

Mama usimutaje. Mama hakumujua Zénon.

Unasema watu husahau. Nikueleze wanavyosahau. Unajua mupakani hatuvuki mumoja mumoja. Tunavuka kundi, na askari akishika robota ya mumoja, wengine wanasema huyu tunamujua, ni wa kwetu. Ndiyo kazi yetu ilivyo, bila watu wa kusema hivyo huvuki. Wiki iliyopita walishika yangu. Nikageuka nyuma. Wanawake wote niliovuka nao miaka yote hii walikuwa wanaangalia muto. Spès alikuwa kati yao. Askari akauliza nani anamujua huyu? Robota ikabaki pale.

Siombi nyumba Buyenzi. Siombi kitu chako chochote. Naomba uje usimame uani kwa Zénon, useme kwa mudomo wako: kisanduku kilikuwa mezani, simu ya Khadidja ililia kwa sababu mi nilimupigia. Maneno hayo tu. Halafu nenda Kigali, nenda Ulaya, nenda unapotaka, nitakuombea dua.

Barua yako ninayo. Ningeweza kumusomea Zénon leo hii. Sitaki. Ikitoka kwangu ni mutuhumiwa anajitetea na karatasi. Ikitoka kwako ni mutoto niliyemulea vizuri. Nataka wamuone huyo mutoto, Djibril. Mi mwenyewe nataka kumuona.

Kuna gari, kuna baiskeli, kuna miguu. Gasenyi siyo Ulaya. Una siku mpaka tarehe 20. Nitakaa nyumbani kila alasiri.

Dada yako,
Khadidja


Kigali, 1 Juni 2023

Dada yangu mpendwa,

Asalam aleikum. Natumaini hujambo na afya inaendelea. Mimi nimefika salama. Kigali ni safi, watu wanafuata taa za barabarani hata pasipo na gari. Tunafanya kazi kwenye jumba la vioo, chakula cha mchana ni bure. Gaël amenenepa tayari. Chanelle hakuja, amebaki Bujumbura, kuna mambo hatukuelewana.

Najua ulinisubiri. Siku mbili kabla ya safari nilifika stesheni ya magari ya Gatumba, nikakaa ndani ya gari la Vainqueur, likajaa, nikashuka. Muulize yeye. Sikuweza, Dada. Nilimwona Zénon akilini, ameshika ngazi.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kwanza. Waliotupa tuzo walisikia kwamba kuna mtu alikufa, wakataka ripoti kabla ya kutusafirisha. Tuliandika kwamba kisanduku kilituma ujumbe, lakini simu ya mwakilishi wa mtaa ilikuwa imezimwa. Hatukutaja jina la mtu. Chanelle alikataa kutia sahihi, ndiyo maana hayuko hapa. Mimi nilitia. Ni karatasi ya ofisini tu, itakaa kwenye kabati, hakuna atakayeileta huko. Ukisikia chochote usishtuke, na usijibizane na mtu. Simu kuzimika si dhambi, humtokea kila mtu, hawawezi kukuchukia kwa hilo.

Mshahara ukianza nitakutumia.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Djibril


Gatumba, 18 Juni 2023

Djibril,

Asalam aleikum.

Karatasi yako haikukaa kwenye kabati. Barua yako ilinifikia Jumatano, na Ijumaa baada ya sala mukubwa wa mutaa aliita mukutano, akaisoma hiyo ripoti mbele ya watu wote, kwanza kwa Kirundi halafu kwa Kiswahili, ili kila mutu asikie vizuri. Jina langu halimo, kweli. Mwakilishi wa mutaa ni nani mwingine?

Watu walianza kunong'ona. Zénon akasimama. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Hakunitukana, hajawahi kunitukana hata siku moja, hilo ndilo linaloniua. Akasema yeye si mutu wa kusoma, lakini haya mambo mawili hayakai pamoja. Muke wake alisikia simu ikilia. Karatasi inasema ilikuwa imezimwa. Kama Spès anasema kweli, basi walioandika karatasi ni waongo, na kesho anakwenda Bujumbura na ndugu zake kwa mwanasheria wa serikali, atawafuata hao watoto mpaka Kigali, warudishwe waseme kisanduku kilifanya nini siku ile. Watu wakasema ndiyo, ndiyo. Halafu akanigeukia.

"Khadidja, tumekaa ukuta kwa ukuta miaka yote. Sema we. Simu ililia au haikulia?"

Spès alikuwa ananiangalia, Djibril. Alisogea mbele kabisa. Niliona kwamba anataka niseme kweli, anataka kunirudia, alikuwa amenikosa kama mi nilivyomukosa. Neno lilikuwa mudomoni. Lilikuwa neno fupi: ililia, alikuwa Djibril. Ningelisema, ningetoka pale na jirani zangu wote, na jioni sufuria yangu ingekuwa kwa Spès na yake kwangu.

Nikakuona we, umefungwa pingu, unashushwa kwenye gari pale kituoni.

Nikasema karatasi imekosea, Spès amesema kweli. Nikasema simu ililia na ulikuwa ujumbe wa maji. Nikasema nilikuwa na wanunuzi wengi, nikaona nimalize kwanza kuuza, ndipo nikamudanganya Spès kwamba ni Djibril. Nikasema kisanduku hakina kosa na watoto hawana kosa.

Zénon alikaa chini palepale kwenye vumbi. Spès hakulia. Alivua kitenge nilichomupa Idi ya mwaka jana, kilikuwa begani kwake, akakiweka miguuni kwangu, akaondoka. Wengine walipita wakikiruka.

Wazee wanasema muchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilikuwa nausema musemo huo kwa mama za watoto wengine, nikijiona mwenye busara.

Kwa hiyo tulia. Hakuna atakayekufuata. Waambie waliokupa tuzo kwamba mutaa muzima umeshuhudia, kisanduku chako kilifanya kazi. Fanyeni vingine.

Barua zako zote nimezichoma jikoni. Nyumba nimeifunga, ufunguo nimemuachia mukubwa wa mutaa. Kesho alfajiri naondoka, na sikuandikii naenda wapi, wala Vainqueur hajui, usimusumbue. Pesa usitume, namba ile haitakuwa hewani. Usali, kwa sababu yako mwenyewe, siyo kwa sababu ya kuniandikia kwamba unasali.

Mi nilikupokea ukiwa mudogo kuliko robota, na sijawahi kusema umenichosha. Hata Ijumaa nilikubeba tena, mbele ya watu wote, na ulikuwa muzito. Sasa nimekutua.

Khadidja